Saa Chache Frankfurt: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaobadilisha Ndege

Ukurasa huu ni wa msafiri anayetua Frankfurt akitoka Nairobi, Mombasa, Kilimanjaro au Zanzibar, na ndege yake ya pili inaondoka saa kadhaa baadaye. Saa tumeziandika kwa Kiswahili. Zilizo kwenye mabano ni kama zinavyosomeka kwenye ubao wa kituo. Bei ni za kukadiria, kwa kuwa hupandishwa kidogo karibu kila mwaka.

Nina pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda. Naruhusiwa kutoka nje ya uwanja?

Bila visa ya Schengen (visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo), hapana. Hili ndilo la kwanza kulimaliza, kabla ya kufikiria mnara wala mto. Visa ya Marekani, Kanada au Uingereza haikuingizi Ujerumani hata kama bado ina miaka kumi ya uhai, wala kibali cha kudumu cha Marekani hakisaidii. Mtu anayeishi London kihalali kwa pasipoti ya Uganda anahitaji visa sawasawa na anayetoka Kampala.

Wanaopita bila visa ni wenye pasipoti za Marekani, Kanada, Uingereza na Umoja wa Falme za Kiarabu, pamoja na wenye kibali cha ukaazi kilichotolewa na nchi mojawapo ya Schengen, kwa mfano Uswidi, Norwe au Uholanzi. Hao wabebe kibali chenyewe pamoja na pasipoti, si nakala.

Visa ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo hakuna malipo. Inataka bima ya safari ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kama safari yako inaishia Stockholm, unaomba kwa Waswidi, na visa hiyo hiyo inakuruhusu kutembea Frankfurt njiani.

Angalia pia idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye visa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda New York kupitia Frankfurt, akataka kutembea mjini wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, anahitaji visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ya mara moja, imeshatumika siku ya kwanza.

Maoni yetu: kuhangaikia visa kwa ajili ya matembezi ya saa tatu tu hakulipi. Kama huna sababu nyingine ya kuwa na visa ya Schengen, baki ndani ya uwanja, au panga usiku mmoja au miwili mjini ili gharama na usumbufu vipate maana.

Na kama sitoki nje kabisa?

Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanyarwanda na Warundi hawahitaji visa ya kupita uwanjani, mradi wabaki eneo la kimataifa na ndege ya pili iwe inatoka nje ya Schengen. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na wa Somalia wanaihitaji hata wasipotoka nje, isipokuwa wawe na visa hai au kibali cha ukaazi cha nchi kama Marekani, Kanada au Japani.

Mtego uko kwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ikiwa begi lako halijaunganishwa hadi mwisho wa safari, itabidi ulichukue kwenye ukanda na kulisajili upya, na ukanda uko upande wa pili wa uhamiaji. Hapo visa inakuwa lazima hata kama hukuwa na mpango wa kuuona mji. Watu huzuiwa kupanda ndege Nairobi kwa sababu hii hii, wala kosa si la mhudumu wa kaunta. Nunua tiketi moja.

Nahitaji saa ngapi ili itoshe kutoka?

Usihesabu saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Toa kwanza zile ambazo si zako.

Kushuka kwenye ndege na kutembea hadi uhamiaji huchukua dakika 20 hadi 30, na zaidi ukishushwa kwa basi. Foleni ya uhamiaji inaweza kuwa dakika 20 na inaweza kupita saa nzima, hasa asubuhi ndege za Afrika, Asia na Marekani zinapotua kwa pamoja. Kufika kituo cha treni na kununua tiketi, robo saa. Treni yenyewe, robo saa hadi dakika 20. Kwa hiyo tangu magurudumu yaguse ardhi hadi usimame katikati ya mji, weka saa mbili. Wakati wa kurudi, uwe umeshaingia terminali saa mbili na nusu kabla ya ndege kuondoka, maana yake unauacha mji saa tatu kabla.

Jumla ni saa tano ambazo zimeshakwenda. Mwenye saa sita za kusubiri anabakiwa na saa moja, na hiyo haitoshi. Mwenye saa nane anapata tatu, na hizo zinatosha mzunguko mzuri wa miguu. Mwenye kumi anapata tano: anaongeza chakula cha kukaa na makumbusho moja. Chini ya saa saba sisi hatushauri kutoka.

Tuchukue mfano. Umetua saa kumi na mbili asubuhi (06:00) na unaondoka saa nane mchana (14:00). Mjini unafika kwenye saa mbili (08:00), na saa tano kamili (11:00) uwe unaelekea kituoni. Abiria wa kwenda Marekani apunguze nusu saa zaidi, kwa kuwa getini huwa kuna ukaguzi na maswali ya ziada, na kupanda huanza mapema.

Ule mfumo mpya wa alama za vidole unachelewesha?

Unaweza. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuwasajili wageni wa muda mfupi kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri. Usajili wa kwanza ndio mrefu. Ukishakuwa kwenye mfumo, mara zinazofuata ni haraka zaidi. Wenye vibali vya ukaazi vya nchi za Schengen hawahusiki. Kama ni mara yako ya kwanza, zile saa mbili za mwanzo zifanye mbili na nusu.

Mizigo niiache wapi?

Begi lililosajiliwa hadi mwisho wa safari linabaki na shirika la ndege, usilifikirie. La mkononi, likiwa zito, liache kwenye ofisi ya kuhifadhi mizigo iliyopo Terminali 1, au kwenye makabati ya kufunga yaliyopo kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof. Kwa mwenye muda mfupi uwanjani ni bora, kwa sababu kituoni unaweza kukuta makabati yote makubwa yamejaa, na wakati wa kurudi itabidi ushuke tena kulichukua. Makabati ya kituoni huruhusu saa 72 tu. Baada ya hapo hufunguliwa na mzigo hutolewa.

Kabla ya kuliacha, toa pasipoti, pasi ya kupandia ndege, dawa, chaja na koti.

Nimebeba chakula kutoka nyumbani. Nikitoka nacho kuna shida?

Ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukishavuka mlango wa forodha umeingiza kila kilicho kwenye begi lako ndani ya Umoja wa Ulaya. Nyama ya aina yoyote, mbichi, kavu au iliyopikwa, hairuhusiwi kutoka nchi zetu. Vivyo hivyo maziwa, mtindi, samli na jibini. Samaki wa matumizi yako anaruhusiwa hadi kilo 20, asali hadi kilo 2. Matunda na mboga hutakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Embe na parachichi, kwa hiyo, vinahitaji cheti.

Miraa ni suala tofauti kabisa: huko Ujerumani miraa inahesabiwa kuwa dawa ya kulevya, na kupita nayo ni kesi ya jinai. Usikubali kumbebea mtu, hata akikuambia ni "majani ya mgonjwa".

Mwenye fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa dola, lazima azitangaze.

Nifikeje mjini kwa treni?

Kituo unachokitaka kinaitwa Regionalbahnhof, na kiko chini ya Terminali 1. Kuna kingine, Fernbahnhof, cha treni za masafa marefu, hicho usikiendee. Ukitua terminali nyingine, panda kwanza kitreni cha bure cha SkyLine au basi la bure hadi Terminali 1.

Shuka hadi kwenye majukwaa na utafute treni za S8 na S9. Zinapita takriban kila baada ya dakika 15 kwa pamoja. Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea: treni hizo hizo, kwa namba hizo hizo, huenda pande mbili. Upande wa mji ubao huandika Hanau au Offenbach. Ukiona Wiesbaden au Mainz, hiyo inaupa mji mgongo. Soma jina la mwisho wa safari, si namba tu.

Baada ya Gateway Gardens, Stadion na Niederrad, treni inaingia chini ya ardhi na kusimama Hauptbahnhof. Usishuke hapo. Kaa vituo viwili zaidi: Taunusanlage, kisha Hauptwache. Hauptwache ndiyo katikati ya mji, na kushuka hapo kunakuepusha na mitaa ya kituo kikuu, ambayo tunaieleza mbele.

Tiketi gani ninunue, na inagongwa wapi?

Mashine zina lugha ya Kiingereza na hupokea kadi na fedha taslimu. Tiketi ya safari moja kutoka uwanjani ni kati ya euro 6 na 7. Tiketi ya siku nzima inayojumuisha uwanja, Tageskarte, haifiki mara mbili ya hiyo, au inaizidi kwa senti chache tu, nayo inakupa mabasi, tramu na treni zote za mji. Mkiwa wawili au zaidi, chukueni ya kikundi, Gruppentageskarte: inabeba watu hadi watano, na kwa familia ndiyo nafuu kuliko zote. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi.

Hakuna pa kugonga. Tiketi ya mashine imeshapigwa muda, hivyo usinunue leo ya kutumia kesho. Hakuna pia lango la kukuzuia, na hilo lisikudanganye. Wakaguzi huingia wakiwa wamevaa nguo za kawaida, na faini ya kusafiri bila tiketi ni euro 60 papo hapo. Kusema wewe ni mgeni hakusaidii.

Na tiketi hii haikubaliki kwenye treni nyeupe za masafa marefu, ICE, hata kama nazo zinapita uwanjani.

Nina saa tatu. Nitembee wapi?

Usijaribu kuumaliza mji. Kati ya Hauptwache na mto Main kuna eneo dogo lenye karibu yote yanayoufanya mji huu kuwa Frankfurt, na mzunguko wake ni kama kilomita tatu, tambarare tupu.

Toka Hauptwache ushuke kusini hadi mtaa wa Großer Hirschgraben, kwenye nyumba alimozaliwa Goethe, mwandishi mkuu wa Kijerumani, tarehe 28 Agosti 1749. Iliteketea kwa mabomu Machi 1944 na ikajengwa upya ilivyokuwa. Kwa mwenye saa tatu, kuitazama kwa nje kunatosha.

Endelea hadi Paulskirche, kanisa la mviringo la mawe mekundu. Mwaka 1848 bunge la kwanza la kuchaguliwa la Ujerumani nzima lilikaa humu kuandika katiba. Liliungua 1944, likafunguliwa tena 1948, na ndani limeachwa wazi na jeupe. Kuingia ni bure.

Vuka barabara na uko Römerberg, uwanja ambao picha zake umeshaziona. Nyumba yenye mapaa matatu ya ngazi ni Römer, ukumbi wa mji tangu 1405. Katikati kuna chemchemi ya sanamu ya Haki mwenye upanga na mizani. Tazama uso wake, hakufungwa kitambaa machoni. Nyumba za mbao za upande wa mashariki zinaonekana za kale sana, lakini zilijengwa kati ya 1981 na 1984 kwa kufuata zile zilizoungua. Kwenye mawe ya uwanja huo kuna kibao cha shaba kinachoonyesha mahali Wanazi walipochoma vitabu tarehe 10 Mei 1933. Watu hukikanyaga bila kujua.

Kati ya Römerberg na kanisa kuu kuna mji mkongwe mpya: nyumba 35 zilizokamilika 2018, 15 kati yake zikiwa zimerudishwa kama zilivyokuwa kabla ya vita. Pitia uwanja wa Hühnermarkt, kisha tafuta Goldene Waage, nyumba ya kona yenye mbao zilizochongwa na mkono wa dhahabu ulioshika mizani. Wapo wanaosema eneo hili ni la bandia. Sisi tunaona ni mji uliopoteza karibu kila kitu kwa siku chache, ukaamua, baada ya kubishana miaka mingi, kujirudishia sehemu ya sura yake, na hilo linafaa kutazamwa kwa heshima.

Kanisa lenyewe, Kaiserdom, ndimo walimochaguliwa wafalme wa Dola Takatifu ya Kirumi, na tangu 1562 hadi 1792 makaizari walitawazwa humo. Mnara una mita 95 na ngazi 328 za mawe, nyembamba, bila lifti. Mwenye magoti mabovu asijaribu. Wakati wa misa, watalii hawazunguki ndani.

Malizia kwenye Eiserner Steg, daraja la chuma la waenda kwa miguu la 1869. Simama katikati yake: upande mmoja maghorofa ya mabenki, upande wa pili mnara wa kanisa. Kwa picha moja tu ya Frankfurt, ni hapa.

Kuna sehemu ambayo watalii huipita lakini haifai kupitwa?

Ukuta wa Börneplatz, kama dakika kumi kwa miguu mashariki ya kanisa kuu, au kwa tramu namba 11. Ni ukuta wa makaburi ya zamani ya Wayahudi. Kwa nje vimepachikwa vipande vidogo vya chuma, zaidi ya 11,000, vimejipanga safu juu ya safu. Kila kimoja kina jina la Myahudi wa Frankfurt aliyeuawa chini ya Wanazi, tarehe ya kuzaliwa, na mahali mtu huyo alipouawa au alipoonekana mara ya mwisho. Vimetokeza kidogo kutoka ukutani ili mtu aweze kuweka kijiwe juu yake, na vingi vina vijiwe. Anne Frank, msichana wa ile shajara mashuhuri, aliyezaliwa mji huu tarehe 12 Juni 1929, jina lake limo. Hakuna kiingilio wala foleni. Sogea karibu usome, kwa sababu ukiwa mbali ni ukuta wa kijivu tu.

Kupanda Main Tower kunafaa?

Kukiwa na anga safi, ndiyo: roshani ya ghorofa hili refu iko takriban mita 200 juu, kwenye hewa wazi, kwa takriban euro 9 au zaidi kidogo. Kunafunguliwa saa nne asubuhi (10:00), kuna ukaguzi wa mabegi kama wa uwanja wa ndege, na upepo mkali au radi hufanya roshani ifungwe bila taarifa. Kukiwa na ukungu, okoa pesa yako.

Nimetua saa kumi na mbili asubuhi. Kuna nini kilicho wazi?

Kidogo, lakini si vibaya. Uwanja wa Frankfurt hauna ndege za kutua wala kuruka kwa ratiba kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, hivyo ndege za Afrika Mashariki hutua nyingi mara tu baada ya hapo. Viwanja, daraja na kingo za mto haviwi na mlango wa kufungwa, na saa mbili asubuhi Römerberg ni tupu na ya kupendeza. Mikate na kahawa vipo tangu alfajiri. Soko la ndani la Kleinmarkthalle hufunguliwa saa mbili (08:00). Makumbusho mengi ni saa nne.

Na Jumapili je?

Maduka karibu yote hufungwa, na Kleinmarkthalle pia. Mikahawa na makumbusho huwa wazi. Jumatatu ni kinyume chake: maduka wazi, makumbusho mengi yamefungwa, jumba la sanaa la Städel likiwemo.

Nina watoto, na nyumba za zamani haziwahusu.

Wapeleke bustani ya wanyama. Kutoka Hauptwache panda treni ya chini ya ardhi ya U6 au U7, kituo cha pili kinaitwa Zoo. Ilianzishwa 1858, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina historia ya karibu. Bernhard Grzimek aliiongoza tangu 1945 hadi 1974, na ni yeye na mwanawe Michael waliorusha ndege yenye rangi ya punda milia juu ya Serengeti 1958 wakihesabu wanyama. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, na kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake naye alizikwa hapo. Shirika la wanyama la Frankfurt linaendelea kufanya kazi Serengeti hadi leo. Watoto waoneshe bonobo: porini anapatikana Kongo tu, kusini ya mto, na wengi wetu hatujawahi kumwona.

Bustani peke yake inakula saa mbili. Chagua hiyo au mji mkongwe, si vyote.

Nile nini, na halali ipo?

Cha hapa hasa ni Grüne Soße, mchuzi baridi wa maziwa mgando na mimea saba iliyokatwakatwa, unaoliwa na viazi na mayai ya kuchemsha. Hauna nyama. Rindswurst ni soseji ya ng'ombe mtupu, lakini ng'ombe mtupu si sawa na halali. Mchinjo wake ni wa kawaida. Mvinyo wa tufaha, Apfelwein, ni mchachu na una kilevi. Humiminwa kutoka jagi la kijivu lenye michoro ya buluu. Asiyetumia kilevi aagize Apfelsaft, juisi ya tufaha.

Halali ya uhakika ni nyingi mtaa wa Münchener Straße, karibu na kituo kikuu: mikahawa ya Kituruki na ya Kiafghani, na misikiti iko hapo hapo. Uwanjani vipo vyumba vya kusalia.

Kleinmarkthalle ni pazuri kwa mwenye haraka: unanunua kipande hapa na kipande pale, unakula umesimama.

Mitaa ya kituo kikuu ni ya hatari?

Mchana ni ya kusikitisha zaidi kuliko ya hatari. Utaona watu wakitumia dawa za kulevya waziwazi, hasa Taunusstraße, Niddastraße na Elbestraße. Hawakufuati, ila usipige picha na usisimame. Wanaofaa kuogopwa ni wezi wa mfukoni ndani ya kituo na kwenye ngazi za umeme: begi mbele, simu isiwe mfuko wa nyuma. Ukilazimika kupita kwa miguu, tumia Kaiserstraße. Usiku panda U4 au U5. Kituo cha pili ni Dom/Römer.

Pesa, choo, maji, umeme?

Kadi inakubalika sehemu nyingi, lakini vibanda na mikahawa midogo mingine hutaka taslimu. Kuwa na euro 20 au 30. Usibadilishe fedha uwanjani zaidi ya unachohitaji, viwango ni vibaya. Choo cha kituoni ni euro 1, cha makumbusho ni bure kwa aliyeingia. Maji ya bomba hunyweka. Chupa ya plastiki inakatwa senti 25 za amana, na unarudishiwa ukiitia kwenye mashine ya dukani. Soketi ni za pini mbili za mviringo, umeme ni volti 230, hivyo plagi zetu za pini tatu zinahitaji adapta. Inunue nyumbani, uwanjani ni ghali.

Nivae nini, na saa zetu zinatofautianaje?

Wakati wa baridi Frankfurt iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Desemba na Januari nyuzi joto huzunguka sifuri hadi tano na giza huingia saa kumi na nusu jioni. Koti, soksi nzito na viatu vilivyofungwa viwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu lile kubwa hutaliona hadi mwisho wa safari. Kuanzia mwishoni mwa Novemba Römerberg huwa na soko la Krismasi: zuri sana, lakini kutembea pale huchukua muda mara mbili.

Naweza kwenda mji mwingine badala ya Frankfurt?

Mainz, ndiyo. S8 ile ile, upande ule tuliokuonya usipande, inafika kwa takriban nusu saa. Kanisa la St. Stephan lina vioo tisa vya buluu vya Marc Chagall, na mji ni mtulivu zaidi. Heidelberg iachie aliye na saa kumi na mbili.

Treni zikikwama wakati wa kurudi?

Hukwama, hasa wikendi ambapo njia ya chini ya ardhi hufungwa kwa matengenezo. Angalia ubao wa Hauptwache mara tu unapofika asubuhi. Matangazo ya kufungwa huwa yameshabandikwa. S-Bahn (zile treni za S8 na S9) zikisimama, jaribu treni za mkoa (RE au RB) kutoka Hauptbahnhof zinazopitia uwanjani, au nenda Südbahnhof upande wa pili wa mto ukapande basi namba 61 hadi Terminali 1. Tiketi yako ya siku inakubalika kote huko. Teksi ni dakika 20 hadi 30 na takriban euro 40. Zikibaki chini ya saa mbili, panda teksi bila kubishana na nafsi yako.

Ukifika terminali, nenda moja kwa moja ukaguzi wa usalama na uhamiaji, kisha getini, maduka baadaye. Mwaga maji kwenye chupa, vimiminika viwe ndani ya mililita 100 kila kimoja. Aliyenunua vitu vya zaidi ya euro 50 na anataka kurudishiwa kodi, apite forodha na fomu ya duka, risiti na vitu vyenyewe mkononi, na aongeze dakika 45. Na asome ubao tena kabla ya kukaa: geti lililochapishwa asubuhi kwenye pasi ya kupandia hubadilishwa mara nyingi, na kutoka sehemu ya B hadi Z ni mwendo wa robo saa.